Offer, help, assist, aid au volunteer: uchague kitenzi kipi?

Mtu akisema kwa Kiswahili "ameniofa soda", hakuna anayeuliza kama soda ilinywewa. Imeshalipiwa na chupa imeshafunguliwa. Peleka maneno hayo kwenye Kiingereza, useme "She offered me a soda", na msikilizaji atabaki akikungoja: ukaipokea au ukakataa? Maana "offer" inakomea pale mkono uliponyooshwa. Kilichofuata hakimo ndani ya kitenzi, na ni juu yako kukisimulia.

Kosa hili halionekani kwa urahisi kwa sababu sarufi yake ni safi. Mwalimu hatalizungushia wino mwekundu, na programu ya kusahihisha maandishi haitalipigia mstari. Lakini ujumbe umefika vingine kabisa. Ndiyo maana katika kulinganisha vitenzi vya kusaidia tunashauri usianze na lipi ni rasmi na lipi ni la mtaani, kama vitabu vingi vinavyofanya. Anza na maswali mawili. La kwanza: msaada umefika wapi, bado uko kwa mtoaji au umeshamfikia mhitaji? La pili: kazi yenyewe ni ya nani? Ukishajibu hayo mawili, kitenzi karibu kinajichagua.

Sanduku moja kwenye ngazi

Mwanamke anapanda ngazi na sanduku zito la vitabu. Mwanamume anamkuta katikati ya ngazi. Tazama sentensi hizi zinavyotofautiana.

"He offered to carry the box." Mwanamume amesema atalibeba. Sanduku bado liko mikononi mwa mwanamke. Unaweza kuendelea "but she said no" na hakuna kitu kitakachogongana.

"He helped her carry the box." Sanduku limepanda juu, na mikono iliyolibeba ni minne. Ukiongeza "but she said no" hapa, sentensi inavunjika.

"He carried the box for her." Mwanamke amepanda mikono mitupu. Hii inahitaji uangalifu, kwa kuwa Kiswahili "alimsaidia kubeba sanduku" husemwa hata pale msaidizi alipolichukua lote peke yake. Kwa Kiingereza "helped her carry" huwaza watu wawili wakishiriki mzigo. Ikiwa maana yako ni "alimbebea", basi hiyo -ea ya "bebea" inataka "for", na "help" haina nafasi.

"He assisted her with the box." Kazi ni ya mwanamke, mwanamume kashika pembe tu. Sentensi inasikika kama imetoka kwenye ripoti ya mlinzi wa jengo.

"He volunteered to carry the box." Sasa tunaona kundi la watu. Kuna mtu aliuliza nani atabeba, na huyu ndiye aliyesema "mimi".

"He aided her with the box." Hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa, lakini aliyekua na lugha hiyo hasemi hivyo kuhusu sanduku na ngazi. Sababu yake tutaifikia.

Offer: mkono ulionyooshwa

Asili ya neno inasaidia kukumbuka. Limetoka katika Kilatini, likiwa na maana ya kuleta kitu mbele ya mtu, na Kiingereza cha kale kililitumia kwa kumtolea Mungu dhabihu. Mpaka leo "offering" ya kanisani ni sadaka. Kitu kimewekwa mbele. Kupokelewa ni jambo la upande wa pili.

Miundo inayofanya kazi kila siku ni mitatu, na inatosha.

Wa kwanza ni "offer" ikifuatwa na "to" na kitenzi: "She offered to translate the letter." Atakayetafsiri ni yuleyule aliyesema. Hapa ndipo makosa yanapozaliwa. Tunasikia "She offered me to translate the letter", kwa kufuata "aliniambia atanitafsiria", ile "ni-" ikitafuta mahali pa kukaa. Haina mahali. "Offer" haipokei mtu kisha kitendo. Mtu anayefaidika umweke mwishoni: "She offered to translate the letter for me." Vilevile "She offered translating" si sahihi, kitendo kinachofuata "offer" hubeba "to" daima, wala hakichukui umbo la -ing.

Wa pili ni mtu kisha kitu: "They offered him a seat." Ukitaka kugeuza, kitu kitangulie na "to" iingie kabla ya mtu: "They offered a seat to him." Kitu kikiwa kiwakilishi kama "it", tumia mpangilio wa pili: "They offered it to him."

Wa tatu ni msaada wenyewe kutajwa kama nomino: "He offered help", "He offered us his help", "They offered their support". Huu unafaa pale ambapo hutaki au huwezi kusema ni kitendo gani. Ukijua kitendo, muundo wa kwanza una nguvu zaidi, kwa sababu "He offered to pay the driver" inamwambia msomaji jambo ambalo "He offered help" inalificha.

Katika kauli ya kutendwa, ndiyo kwanza uangalie maana isikuponyoke. "I was offered the job" si "nimepata kazi". Ni kwamba mwajiri amesema nafasi ni yako ukiitaka. Mtu anaweza kuandika "I was offered three jobs and took the last one", na hesabu ikawa sawa. Ukiwa umeshaanza kazi, sema "I got the job". Barua inayoitwa "offer letter" hungoja sahihi yako kwa sababu hiyohiyo.

Wanasheria wa Kiingereza wameijenga sheria yao ya mikataba juu ya tofauti hii: ofa upande mmoja, kukubali upande mwingine, na bila vyote viwili mkataba haujakamilika. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Carlill, kuhusu kampuni iliyotangaza gazetini kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayetumia kifaa chake mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kisha akaugua homa ya mafua. Bibi Carlill alikitumia, akaugua, akadai. Kampuni ilijitetea kwamba lile lilikuwa tangazo tu. Majaji walisema ile ilikuwa ofa kwa umma wote, na kwamba kufuata masharti yake ndiko kulikuwa kuikubali. Akalipwa. Hata kwa asiye mwanasheria, kesi hii inaonyesha vizuri "offer" inavyokaa nusu ya njia mpaka mtu mwingine aikamilishe.

Kwa hiyo vitenzi vinavyoandamana nayo ni vya kupokea na kukataa. "Accept an offer" ni kuikubali. "Decline" ni kukataa kwa heshima, na "turn down" ni kukataa kwa lugha ya kawaida. Upo pia msemo wa "take somebody up on an offer", yaani kuchukua ofa ambayo mtu aliitoa zamani: alikuambia ukifika mjini ulale kwake, na sasa umefika na unampigia simu.

Sasa turudi kwenye soda. Kama aliilipia ukainywa, maneno yanayokufaa ni "She bought me a soda". Kwa chakula au starehe kubwa kidogo: "She treated me to lunch." Wakati wa kulipa, anayetaka kubeba gharama husema "It's on me". Na "ofa" ya dukani, ile ya bei kushuka, Waingereza huiita "on offer" na Wamarekani huiita "on sale". Ofa ya Kiswahili imechukua kipande kimoja tu cha neno la Kiingereza, tena kile kitamu zaidi.

Tahajia: "offered" na "offering" zina r moja, kwa kuwa mkazo uko silabi ya kwanza. Linganisha na "preferred" na "referred", ambazo mkazo wake uko mwisho na r hurudiwa.

Help: kazi imefanyika

"Help" ndicho kitenzi cha kukimbilia usipokuwa na sababu ya kuchagua kingine. Kinafaa nyumbani, kazini na mahakamani. Wanaodhani barua rasmi lazima iikwepe wanajisumbua bure.

Kitendo kinachofuata kinaweza kuwa na "to" au kisiwe nayo: "He helped me find the file" na "He helped me to find the file" zote ni sahihi. Wamarekani kwa kawaida huiacha "to". Waingereza hutumia zote mbili. Kuna mahali pamoja ambapo "to" ni lazima, nayo ni kauli ya kutendwa: "She was helped to stand." Umbo la -ing baada ya mtu ni kosa: "He helped me finding the file" haisemwi.

Ikiwa kinachofuata ni nomino, "with" lazima iwepo. Kiswahili chetu hakihitaji kihusishi hapo. Tunasema "nisaidie kazi hii", "nikusaidie mzigo?", na majina mawili yanakaa kando ya kitenzi bila ugomvi. Ndiyo asili ya "Help me this work" na "Can I help you the bag?". Weka "with" na yote mawili yanapona: "Help me with this work", "Can I help you with the bag?" Swali la "nikusaidie nini?" nalo huzaa "What can I help you?", ambalo limebaki bila mkia. Useme "What can I help you with?" au, kwa wepesi zaidi, "How can I help?"

Kuna "nisaidie" nyingine ambayo haihusiani na msaada hata kidogo. Mtu anayesema "nisaidie kalamu" anaomba aazimwe kalamu, au pengine apewe moja kwa moja. "Help me a pen" haieleweki, na hata "Help me with a pen" au "Assist me with a pen" humfanya mgeni ajiulize kalamu yako ina tatizo gani. Kinachotakiwa ni "Could I borrow your pen?" au "Could you lend me a pen?" Na hapo mtego wa pili unangoja, maana "kuazima" kwetu hufanya kazi pande zote mbili. Kwa Kiingereza anayechukua hufanya "borrow", anayetoa hufanya "lend". "Borrow me your pen" ni kosa la kudumu kwa sababu hiyo.

"Help" pia ina maana isiyo ya msaada, na msomaji wa habari au hadithi ataikuta mapema. "I couldn't help laughing" ni "sikuweza kujizuia kucheka". "It can't be helped" ni "hakuna namna". "Help yourself" mezani ni "jipakulie", wala si "jisaidie". Anayejua maana ya "kujisaidia" kwa Kiswahili ataelewa kwa nini tafsiri ya neno kwa neno hapo ni hatari.

Kama nomino, "help" haina wingi katika maana ya msaada. "Many helps" futa, uandike "a lot of help". Ila mtu anaweza kuitwa "a help": "You've been a great help" ni shukrani nzuri kabisa.

Matamshi yanastahili sentensi mbili. "Helped" ni silabi moja inayoishia kwa sauti ya t, wala hakuna "-edi" mwishoni. "Offered" ni silabi mbili, "assisted" ni tatu.

Assist: kusimama kando

Kilatini chake kilimaanisha kusimama karibu na mtu, na mkao huo haujabadilika. Anayefanya "assist" yuko kando ya mwenye kazi. Daktari wa upasuaji anapasua, mwingine "assists". Watangazaji wa mpira wameshatufundisha vizuri bila kukusudia: mwenye asisti ametoa pasi, lakini bao limeandikwa kwa mwingine.

Hivyo kabla ya kuandika "I assisted the accountant", jiulize nani alikuwa na dhamana ya kazi. Ukiwa ndiye uliyefunga mahesabu ya mwezi mzima mwenyewe, "assisted" inakupunja. Katika wasifu wa kazi hili ni kosa linalogharimu. Waombaji wengi hujaza "assisted" kila mstari kwa kuliona ni neno la heshima, na msomaji anahitimisha kwamba hawajawahi kuongoza jambo lolote. Pale ulipofanya mwenyewe, taja kitendo: "prepared", "managed", "trained".

Muundo: "assist somebody with" ikifuatwa na nomino, "assist somebody in" ikifuatwa na umbo la -ing. "She assisted the team in drafting the report." Wengi huandika "assisted the team to draft", kwa mfano wa "help". Wapo wanaoukubali, lakini "in drafting" haina anayeipinga, kwa hiyo chukua hiyo. "Assist" haikubali kitendo kitupu: "assisted them draft" iache. Nomino "assistance" haina wingi, kama "help".

Kuhusu urasmi, ni kweli kwamba "assist" ni nzito zaidi. Inafaa kwenye tangazo, mkataba, ripoti ya polisi, barua ya taasisi. Ukimwambia rafiki "Can you assist me?" hujamheshimu zaidi, umemweka mbali. Kwa rafiki sema "Can you help me?" au "Can you give me a hand?" Huo msemo wa mkono ni wa mazungumzo, na uangalie umbo lake: "give her a hand" jikoni ni kumsaidia, ila mshereheshaji akisema "give her a big hand" anataka mpige makofi.

Aid: mwachie mhariri

Kama kitenzi, "aid" huandikwa zaidi ya inavyosemwa. Inapenda vitu na hali kuliko watu: "aid digestion", "aid recovery". Wahariri wa magazeti huipenda kwenye vichwa vya habari kwa ufupi wake wa herufi tatu. Kwenye sheria ya jinai utakutana na "aid and abet", kusaidia na kuchochea uhalifu. Nje ya hapo ni nadra kuihitaji, na ndiyo sababu ilisikika vibaya kwenye ngazi.

Nomino yake ndiyo iliyo hai: "first aid" huduma ya kwanza, "legal aid" msaada wa kisheria, "foreign aid" misaada ya nje. Ikiwa na wingi, mara nyingi ni vifaa: "hearing aids", "teaching aids". Na ikiongezewa e mwishoni, "aide", imekuwa mtu, yaani msaidizi wa kiongozi.

Volunteer: na mzigo wa "kujitolea"

Neno hili lilitumika mapema kwa askari aliyeingia jeshini kwa hiari. Picha bado ni hiyo: kuna kazi, kuna watu kadhaa wangeweza kuifanya, na mmoja anajitokeza bila kulazimishwa. "Offer" huelekezwa kwa mtu. "Volunteer" huelekezwa kwa kazi. Ndiyo maana "I volunteered for the night shift" ni ya kawaida, ilhali "I offered for the night shift" haisimami.

Shida ni kwamba "kujitolea" kwetu hubeba maana nne, na Kiingereza kimezitawanya kwenye maneno tofauti. "Alijitolea kunipeleka" mara nyingi ni "offered to take me". "Anajitolea hospitalini" bila mshahara ni "She volunteers at a hospital". "Mfanyakazi anayejitolea", yaani mwenye bidii na moyo, ni "dedicated". Ukimwita "a volunteer worker" umesema halipwi. Na "alijitolea maisha yake" ni "gave" au "sacrificed his life".

Ile "-ji-" nayo hujipenyeza. "I offered myself to teach them" inasikika kama mtu anayejilaza madhabahuni. "I volunteered to teach them" inatosha, na "myself" haihitajiki. Ukiona "volunteer" imefuatwa na mtu mwingine, "They volunteered me for the committee", maana imepinduka: wamekutaja wewe bila kukuuliza.

Matumizi moja zaidi yafaayo kujulikana ni "volunteer information", kutoa habari kabla hujaulizwa. "He answered every question but volunteered nothing" inamhusu mtu aliyejibu alichoulizwa tu na hakuongeza neno.

Tahajia: "volunteered" ina r moja japo mkazo uko mwisho, kwa kuwa kabla ya r kuna irabu mbili.

Majirani wanaochanganywa na offer

"Suggest" ni kupendekeza jambo, na mtendaji aweza kuwa yeyote. "He suggested taking a taxi" haisemi nani analipa. "He offered to get me a taxi" inasema yeye ataita. "Suggested to take" ni kosa. Baada ya "suggest" tumia -ing au "that".

"Provide" ni kutoa kitu kikafika: "The school provides books", wanafunzi wanavyo. "The school offers music lessons", masomo yapo kwa anayetaka. Wanaoandika tovuti za taasisi huzibadilisha ovyo, na mteja makini hutambua tofauti. Na ukimtaja mtu mara baada ya "provide", weka "with" kabla ya kitu: "provided us with water".

"Promise" ni nzito kuliko "offer". Aliyefanya "offer" akakataliwa amemaliza. Aliyefanya "promise" bado anadaiwa.

Mdomoni: mtu hasemi "I offer"

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi ni kwamba "offer" ni kitenzi cha kusimulia. Wakati wenyewe wa kunyoosha mkono hutaisikia. "I offer to carry your bag" ni sentensi ya mtu aliyejifunza kwenye kamusi. Kinachosemwa ni kingine, na baadaye ndipo mtu anasimulia "He offered to carry my bag".

Kiswahili kina mlango wa karibu kabisa: "Nikubebee?" Kiingereza cha Uingereza hujibu kwa "Shall I carry that?" Hii hukaa na "I" na "we" peke yake. Wamarekani huitumia mara chache, wao husema "Do you want me to carry that?" Ukitaka upole zaidi, "Would you like me to carry that?" Shika mpangilio wa "me to", "Would you like I carry" haipo. "I'll carry that for you" ni ya mtu aliyeshaanza kunyoosha mkono, na "Let me carry that" inakaribia kutokubali jibu la hapana. Kwa mzee aliyebeba mfuko mwepesi, tungechagua "Would you like me to", kwani inamwachia nafasi ya kukataa bila kuaibika.

"Can I help you?" itumie ukijua sauti yake. Kaunta, kwa sauti inayopanda, ni ukaribisho. Ikisemwa kwa sauti kavu na mtu aliyekukuta kwenye korido ya ofisi yake, inauliza unafanya nini hapo. Ukimwona mtu amekwama, "Do you need a hand?" haina kivuli hicho.

Na kwa aliyefiwa au anayeuguza, "Let me know if you need anything" ni ya upendo, lakini humwachia mhitaji kazi ya kufikiri na kuomba. Taja kitu chenyewe: "I can pick up the children on Thursday. Would that help?" Hapo anahitaji kusema ndiyo au hapana tu.

Jibu nalo lina mtego, huenda mkubwa kuliko yote. Mtu akikukaribisha chakula kwa Kiswahili, "asante" peke yake mara nyingi ni kukataa kwa adabu. Kwa Kiingereza, "Thank you" peke yake mbele ya sahani iliyonyooshwa kwa kawaida hueleweka kuwa umekubali, nawe utapakuliwa. Kukataa ni "No, thank you". Kukubali ni "Yes, please". Upande wa pili, "I'm fine", "I'm good" na "I'm all right" ni hapana, japo zinasikika kama salamu. "That would be great" ni ndiyo. "I could use a hand" ni ndiyo tena ya mtu aliyechoka. "I wouldn't say no" nayo, pamoja na ukanushi wake wote, ni ndiyo.

Ukiandika barua pepe

Chukua sentensi hii, ya aina inayoonekana mara nyingi kwenye barua za maombi: "I offered myself to assist the teacher the computer lessons and she was helped very much." Kila neno limo kwenye kamusi, lakini viungo vinne vimeteguka. "Offered myself" ni "-ji-" ya kujitolea. "Assist the teacher" imekosa "with". "Was helped very much" ni "alisaidika sana", ambayo Kiingereza hakiisemi hivyo. Na hatujui kama kazi ilifanyika, kwa sababu "offered" inatuacha mlangoni.

Kama ulifanya kazi hiyo bila malipo, kila wiki, mwalimu akiwa ndiye mwenye somo: "I volunteered in the computer lessons, assisting the teacher with practical work." Kama ulifundisha mwenyewe: "I taught the computer lessons as a volunteer." Kama ulisema ungesaidia lakini hukuitwa, basi "I offered to help with the computer lessons" ni sahihi kabisa, na itabidi uamue kama inastahili kukaa kwenye barua.